Konde

Waliposema "piga moyo konde,"
ulipiga, Mama.
Baba alipofia Malaba, ulipiga.
Opendi alipofukuzwa shule kwa ada ya muhula, ulipiga.
Mvua ilipotunyima, mtama ukabaki urefu wa kidole,
ulijifuta uso kwa pindo la leso, ukapiga tena,
kisha ukaenda kondeni na jembe begani
kama anayemwendea mdeni wake.

Hukusema kifua.
Ulisema taya: labda jino.
Ulisema mgongo: ni kule kuinama.
Ulisema vidonda vya tumbo, ukanywa maji ya magadi,
ukacheua, ukanyamaza.
Lakini njia ya kisimani ilianza kupanda mlima
mahali ambapo tangu nizaliwe ni tambarare.
Ukitua ndoo mara tatu kabla ya mwembe wa kina Nyapendi.
Hilo niliona. Nikadhani ni uzee.
Una miaka arobaini na sita.

Jumanne nesi Awor alikufunga kitambaa mkononi,
akabonyeza, akabonyeza,
kitambaa kikavimba kama chura.
Akapima tena. Mara ya tatu akahamia mkono wa kushoto
kana kwamba huo ungesema ukweli ulio mpole zaidi.
Mia na tisini na nane, juu ya mia na kumi na nne.
Ukauliza: "Hizo ndizo za kulipa?"

Awor akakunja vidole vyake mbele ya macho yako.
"Moyo wako, Mama Opendi, ni mkubwa hivi tu.
Kama konde."
Nawe, ambaye hukuwa umecheka tangu matanga,
ukacheka hadi ukashika ukuta:
"Kumbe miaka yote nampiga mwenzangu!"

Mimi sikucheka.
Nilikuwa nahesabu waliokuambia upige.
Nami nilikuwemo.

Sasa kila asubuhi, kabla ya chai,
kidonge cheupe katikati ya kiganja chako,
kiganja chenye sugu nne za mpini.
Juzi nimekukamata ukikikata kwa kisu cha mihogo,
nusu yako, nusu ya Nyapendi,
kwa kuwa naye, unasema, njia imeanza kumpanda.
Nimegomba. Nimeita jina lako la utotoni, Nyaketcho,
kama bibi alivyokuita ulipokosa.
Kesho tunaenda naye kituoni, watatu, kwa miguu, polepole,
tukitua popote atakapo mtu kutua.

Chumvi tumeshapatana: kijiko kimoja kwa sufuria.
Ya kwenye samaki, unasema, haihesabiwi.
Bado tunabishana.