Miezi Mitano Iliyobaki

Nimekuja kurudisha hofu, binti.
Niliinunua Januari, ya mwaka mzima,
nikalipa taslimu, laki nne na tisini,
ukiacha kodi. Kodi ikienda imeenda.
Nimetumia miezi saba.
Hii mitano haijavunjwa hata lakiri.

Sikusema hivyo. Nilisema, "Marahaba,"
nikaketi kwenye kiti cha plastiki,
ghorofa ya kwanza, Barabara ya Boma,
feni ikigeuza shingo huku na huku
kama mtu aliyepoteza funguo.

Binti anaitwa Ndeshi.
Sauti yake naiona vizuri kuliko uso.
"Sababu ya kusitisha bima, baba?"
Fomu ina visanduku vinne:
limeuzwa, limeibwa, limeteketea, limefungiwa.
Nikasema, macho.
Kalamu ikagonga meza mara mbili.
"Macho hayamo. Niweke alama kwenye limeuzwa?"
Weka.

Presha ya macho haipigi honi.
Hukupita upande ule usioutazama,
ikachukua kwanza ukingo wa barabara,
kisha waenda kwa miguu,
kisha mtoto wa Aikaeli na baiskeli yake, darajani Rau,
ambaye sikumgonga.
Nasema sikumgonga.
Nilizima injini palepale, nikarudi nyumbani kwa miguu,
na kulipokucha nikamwita dalali.

Mimi nilikuja na hesabu ya shule ya msingi, Kibosho:
kumi na mbili toa saba,
tano, zidisha, gawanya,
laki mbili na elfu nne na ushee.
Jedwali lao halikusoma Kibosho.
Kwao miezi saba ni asilimia themanini,
imeandikwa ukurasa wa tisa, herufi kama chawa,
mahali ambapo hata mwenye macho mazima
hupita kama anapita msibani kwa asiowajua.
Zikabaki tisini na nane elfu.
Toa ada ya kusitisha, hamsini.

"Ada ya nini, mwanangu?"
"Ya kazi ya kufuta, baba."
Nikakumbuka siku ya kuandikwa:
nilipewa kalenda, na soda.

Na hiyo soda, chupa yake,
ukimrudishia Mama Ulomi kreti tupu
huhesabu chupa, hahesabu siku.

Miaka thelathini na mmoja nimeonja kahawa mji huu.
Kijiko mdomoni, unavuta kwa mluzi,
unaizungusha ulimini, unatema.
Vikombe mia mbili kabla ya saa sita,
na hakuna mkulima hata mmoja, wa Machame wala wa Rombo,
aliyewahi kudai nimemnywea mali yake.
Kuonja ni kutema.
Wenzangu hawa wameonja, wakameza,
wakanitoza na kikombe.

Ila Ndeshi si jedwali.
Aliinama, akasema kwa sauti ya chini,
"Ungechelewa hadi mwezi wa tisa, baba, usingepata hata senti,"
akanishika kidole cha shahada,
akakiongoza mpaka kwenye mstari wa kusaini,
asicheke jina langu lilipopanda juu ya mhuri.

Arobaini na nane elfu.
Dawa ya matone, chupa moja. Chenji ya bodaboda.

Usiku yakaanza manyunyu ya Agosti,
na mimi, kwa mazoea ya miaka tisa,
nikaamka kwenda kutazama kama nimepandisha vioo.
Nikafika uani na kandambili,
nikapapasa kwa nyayo pale ilipokuwa ikilala,
pale ambapo mvua zote hizo
palibaki pakavu, pana harufu ya oili.

Pameloa.
Nikasimama hapo kidogo, katikati ya gari,
mikono nisijue niiweke wapi,
nikilowa na mimi.