Mara ya Tano

Ragnheiður amekwangua njia hii mara nne.
Akigeuza trekta mwisho wa lami,
taa za pembeni nyuma yake zimeshamezwa tena.
Theluji haina adabu ya kungoja.

Juu ya Akureyri ndege inazunguka, haionekani,
inapapasa mawingu
kama mlevi atafutaye tundu la ufunguo.
Sindri yumo humo, kiti cha dirishani.
Miaka mitatu hajamtia mwanawe machoni.
Jikoni ameacha supu ya kondoo,
imefunikwa sahani, vijiko viwili.

Redio ikakohoa:
“Hawashuki. Wanakwenda Egilsstaðir.”

Alizima injini
asikie mngurumo ukififia upande wa mashariki,
ukawa uzi,
ukakatika.

Kisha akapangusa kioo kwa kiwiko,
akashusha koleo la chuma,
akaanza upya.