Desibeli Mbili

Amplifaya ya kanisa la Pasta Shitanda inavuma.
Si mvumo wa nyuki; nyuki huchoka.
Huu unakaa chini ya mahubiri
kama mgeni aliyekula akashiba na haagi.
Nimefungua mfuniko, nimebadilisha kapasita mbili,
meza yangu hapa Kibuye imejaa skrubu,
na sikio langu linasema: imepona.
Sikio langu lina miaka hamsini na moja.
Silitumi tena dukani peke yake.

Ojijo, ninayemfunza kazi, ana jibu begani:
laptopu yenye ufa kwenye bawaba
na programu aliyoipakua usiku, bando likiwa nafuu.
"Anti Akumu, tazama."
Wigo ukasimama kwenye skrini kama meno ya kitana.
Hezi hamsini, jino refu.
Hezi mia, jino jingine, fupi kidogo.
"Haijapona," akasema, na karibu afurahi.

Lakini mimi asubuhi nilikuwa Milimani
kwa Bi Nerea, mjane wa fundi wa mitambo ya redio.
Katika chumba cha kupigia pasi, chini ya shuka,
kipimo cha marehemu: sanduku la chuma,
uzito wa debe la mahindi,
vifundo vinavyogeuka tak, tak,
kioo cha kijani kinachotaka dakika ishirini za joto
kabla hakijakubali kusema lolote.
Elfu thelathini na nane. Hapunguzi.
"Alikiamini kuliko daktari," aliniambia,
"na daktari ndiye aliyekosea."

Tukabishana hadi chai ikapoa.
Yeye: kwa pesa hizo tunapata kadi ya sauti ya nje,
maikrofoni ya kupimia, na kodi ya kibanda miezi miwili.
Picha inahifadhiwa, mteja anatumiwa kwa simu.
Sanduku lako litahifadhi nini? Utalichora kwa penseli?
Mimi: kadi yako inavumilia volti ngapi?
Hii ikikasirika inatoa arobaini.
Ya kwanza uliiunguza Jumatano, au umesahau harufu?
Na ule mtetemo wa kilohezi mia nne,
usiosikika na mtu, unaopika tweta polepole,
programu itauonea wapi?
Kadi inaishia arobaini na nane. Huko mbele ni kipofu,
tena kipofu anayeota
na kusimulia ndoto kama habari.

Hakujibu. Akachomoa chaja yake
ili nipate tundu la kuchomekea kisu cha kuchomelea risasi.
Jino la hamsini likaanguka.
Si lote. Zaidi ya nusu.
Kinyozi hajinyoi.
Ojijo akabaki na waya mkononi
kama aliyeshika mkia asijue ni wa nini.

Jumatatu nililileta sanduku kwa mkokoteni,
limefungwa blanketi, mimi nyuma nikilishikilia
kila tulipokutana na shimo.
Nalo si malaika.
Kifundo cha masafa kinateleza,
na upande wa nyuma kuna karatasi ya marehemu,
tarehe ya mwisho ya kusawazishwa,
mwaka ambao Ojijo hajazaliwa.

Tukapima tena, laptopu ikila betri yake.
Sanduku: hasi sabini na moja.
Laptopu: hasi sabini na tatu.
Desibeli mbili katikati, na hakuna wa kuamua;
Nairobi wanasawazisha, kwa bei ya kununua sanduku la pili.
Nikaandika zote mbili kwenye risiti,
Ojijo akaziandika kwenye faili,
kila mmoja ya kwake juu.

Pasta akasoma risiti kama anatafuta aya.
"Sasa niamini ipi?"
Nikamwelekeza kifundo cha sauti. Fungua mpaka mwisho.
Akainama, sikio kwenye spika, macho amefumba.
"Bado nausikia," akasema.
Nikazima amplifaya.
"Bado," akasema.
Ng'ambo ya njia, kinu cha unga
kilikuwa kimeanza gunia jipya.