Mwandiko wa Baba

Herufi zako zimekuangusha, Baba.
Miaka thelathini na minne ulipiga chapa
ratiba za treni pale stesheni ya Radom,
na hakuna abiria aliyeachwa kwa kosa la kidole chako.
Ulipoketi kuandika wosia
uliivuta taipureta karibu, kama kawaida,
ukapima pambizo, ukahesabu nafasi,
ukatia sahihi chini kwa wino wa buluu.

Mthibitishaji, Bi Kozubek, aliusoma mara mbili.
Akavua miwani.
"Sahihi ni yake, sina shaka. Lakini sheria yetu
inataka kila neno litoke mkononi mwa mwenye wosia.
Angeuandika kwa penseli, juu ya karatasi ya kufungia nyama,
ningeupokea."
Akaurudisha mezani kwa ncha za vidole,
ukurasa msafi kuliko zote nilizowahi kuona.

Basi tukawa warithi wa kisheria, mafungu sawa:
mimi, Ziemowit, na Lubomira.
Lubomira ni nani? Hata mimi niliuliza hivyo
katika ujia wa mahakama, theluji ikiyeyuka viatuni.
Binti yako wa kwanza, wa Szczecin, wa kabla ya mama.
Ana paji lako la uso. Ana hata kikohozi chako.
Alikuja na cheti cha kuzaliwa ndani ya mfuko wa plastiki,
akakaa mwisho wa benchi kama mtu anayeomba radhi.
Ziemowit akaninong'oneza: kufa kufaana.
Nikamkanyaga mguu.

Benki ilifunga akaunti siku ile ile niliyopeleka cheti cha kifo.
Jeneza nililipia mimi, na maua, na mpiga kinanda;
risiti nimezibana kwa kibanio cha nguo.
Na bustani yako ya nyuma ya reli? Si mali, wanasema.
Haki ya bustani humfuata mwenyewe kaburini.
Chama kimeniandikia niombe, kama ndugu wengine wa wafu,
huenda nikapewa mti wa plamu ulioupanda nilipozaliwa.

Halafu deni.
Ulimdhamini Gwizdała wa ghorofa ya tatu
anunue gari la kusambazia mikate. Hukutuambia.
Biashara ilikufa, gari likauzwa, Gwizdała yuko Ireland,
na barua za benki zinakuja kwa jina lako, "Mheshimiwa,"
kana kwamba utashuka ngazi uzifungue.
Miezi sita, alisema Bi Kozubek: kubali, au kataa,
au nyamaza, maana kunyamaza nako ni jibu.
Dawa ya deni kulipa, ulikuwa ukisema.
Hukusema ni nani atakayeimeza.

Jumamosi tulishuka stoo chini ya jengo, watatu, tochi moja,
kuorodhesha vitu: baiskeli, jiko la umeme,
ubao mmoja wa kuteleza thelujini, mwenzake haupo.
Lubomira ndiye aliyefungua kabati.
Chupa arobaini na moja za jamu ya plamu.
Kila chupa na kibandiko, kila kibandiko na mwandiko wako,
ule wa kuinamia kushoto, ambao sikuwa nimeuona
tangu ulipoacha kusaini ripoti zangu za shule.
Tarehe. Sahihi. Jina.
"Ya Halszka, sukari kidogo."
"Ya Ziemek, asimalize usiku mmoja."
Na nyuma kabisa, vumbi juu ya vumbi,
safu nzima, vuli baada ya vuli:
"Ya Luba. Akija."

Tochi ilizimika, au Ziemowit aliizima.

Kwenye fomu ya mahakama, penye "mali nyinginezo,"
nimeandika kwa mkono wangu, polepole:
Jamu. Thamani hakuna.
Imekwisha kugawanywa na marehemu mwenyewe.