Yasiyoingia Kwenye Muhtasari

Kikao kilifunguliwa saa nne na robo, darasa la sita, Ipinda.
Hilo nimeliandika.
Sikuandika kwamba wavuvi wa Matema walikaa dirishani
na wakulima wa Mwakaleli wakaegemea ukuta,
katikati wakaacha njia ya kupitisha jeneza,
na mvua ikapiga bati hadi mwenyekiti
akarudia salamu mara tatu, kila mara kwa hasira mpya.

Agenda ya kwanza: mbasa.
Mkazi wa ziwa, mzaliwa wa mto.
Masika ikinguruma huyaacha maji mapana,
akaukabili Lufilyo, akapanda, akapanda,
akitafuta changarawe safi ya kutagia.

"Mnaziba mdomo wa mto," alisema Asagwile.
"Mnamkamata mama akiwa njiani kwenda leba."
"Na akipita?" Nsajigwa alisimama. "Anakuta nini huko?
Mmelima hadi majini, jembe linanawia mtoni.
Yai halipumui ndani ya uji."

Muhtasari unasema: *Wajumbe walijadiliana kwa kina.*

Ndimbumi hakuwa mjumbe.
Alikuwa ameleta vyungu sokoni kutoka Ikombe,
akaingia kujikinga mvua.
Alifungua jani la mgomba: tope, la mdomoni mwa mto.
"Vidole hivi vina miaka arobaini ya udongo.
Wa kwetu hunata. Huu unakatika, haushiki hata kikombe.
Haya, mwenyewe ni nani?"
Akapita, kiganja kwa kiganja, kama anayegawa chumvi.

Asagwile alinusa. Akanusa tena.
"Shamba la baba," alisema, kwa sauti ya mtu aliye peke yake.
"Kile kipande cha chini. Kiliondoka na mvua, viazi na vyote."
Hakuna aliyecheka.
"Basi nirudishieni."
"Haurudi," alisema Ndimbumi, akijifuta kwa khanga. "Huzuiwa."

Maazimio: hatua ishirini kila ukingo zisilimwe.
Matete, mianzi, mikuyu.
Wavuvi wabebe miche siku mbili kila mwezi.
Mdomo wa mto usiguswe na wavu, tangu mvua za kwanza hadi ziishe.
Yote nimeyapa namba.

Sikuandika kwamba Nsajigwa, na mvi zake,
hakuwahi kupanda mto unaomlisha;
kwamba miguu yake ya mchanga iliteleza mlimani,
miche begani, meno yakigongana kwa baridi,
hadi Asagwile akamvulia sweta.
Mpaka leo hajairudisha. Huvaa hata kwenye jua la Matema.

Wala wiki ya tatu sikuisimulia.
Doria, saa nane usiku, tochi,
wavu umekaa pale pale tulipoapa,
na mwenye wavu ni Gwakisa,
mdogo wangu, tumbo moja, ziwa moja.
"Dada," alisema, "kalamu si unayo wewe?"
Ninayo.
Nikaandika: jina, tarehe, wavu mmoja, macho madogo,
mbasa wanne, wote na mayai.
Mkono haukutetemeka. Ulitetemeka kesho yake,
nikimenya ndizi.
Tangu hapo mama hunipokea kama mgeni wa serikali:
"Karibu, katibu. Kaa."
Usipa ananipimia kwa kijiko.

Jana, kabla jogoo hajaamua, simu iliita.
Asagwile, ananong'ona:
"Wako hapa chini ya mianzi. Wawili.
Hapana... subiri."
Nikasikia maji. Nikasikia mtu mzima akishusha pumzi.
"Mbona unanong'ona?"
"Nisiwashtue."
Basi tukanyamaza, yeye mlimani, mimi ufukweni,
vocha yake ikiliwa taratibu,
mto ukizungumza peke yake katikati yetu.

Nimefungua daftari tangu asubuhi.
Sijui hili niliweke chini ya agenda ipi.