Boriti Tisa

Yaarub kaibomoa nyumba ya Ibra, ajenge ya marumaru.
"Nikuletee nini, dada?" Nikasema: boriti za dari.
Akacheka. "Kuni hizo. Kodi ya pikapu itazizidi."

Zikafika tisa, nyeusi kwa moshi wa ubani.
Fundi Dilmurad akaigonga moja, akatega sikio:
"Mkoko huu. Mchwa kajaribu, kavunjika meno."

Sikumwambia habari za bibi,
aliyeletwa huku bila Kiarabu cha kuombea chumvi,
akawa analala chali akizihesabu kwa Kiswahili,
moja, mbili, mpaka tisa:
wenzake pekee waliotoka Rufiji.

Leo mbili ni benchi, nne kitanda cha Shinuna,
mbili zimebeba vitabu.
Ya tisa, iliyopinda, natundikia
kanzu ya baba, niliyoikata ikawa gauni,
na kofia ya Khalfan, miezi minne ya tundu na uzi
(za mashine zipo, riyali moja, hazifiki Idi ya pili).

Ijumaa Yaarub alikuja. Sebule yake mpya, asema,
ukikohoa inakujibu.
Akakaa benchini, kidole kikatambaa,
kikaingia kwenye mfuo
uliochimbwa na kamba ya pembea yetu.

Hakutaja pikapu.