Kisiki cha Marumaru

Plasta ilifika Baiae ndani ya majani makavu,
vipande kumi na vitatu vya mkimbiaji mmoja:
paja, kiwiko, nusu ya kitako.
Zopiro akaviunga sakafuni
kama mtu anayerudishia samaki mifupa.
"Huyu," akasema, "kwao alikuwa shaba,
ndani mtupu kama chungu.
Alisimama kwa ncha ya mguu, ikamtosha.
Jiwe halina jeuri hiyo."

Ndiyo maana tukamchongea kisiki.
Kisiki cha mti, nyuma ya goti la mtu anayekimbia!
Nilicheka, nikazabwa kibao.
Tangu hapo fungu langu likawa visiki:
wenzangu mabega, mimi gome na vifundo,
miezi minne na patasi
nikichonga kitu ambacho hakuna atakayekitazama.

Halafu akaja mjane wa Lusio, yule muuza mchuzi wa samaki,
amekumbatia sura ya nta ya mumewe, imeviringwa shuka.
Mashavu yameporomoka. Shingo ya kobe.
Chunjua kando ya pua.
"Mwili ule," akamnyooshea kidole mkimbiaji, "kichwa hiki."
Zopiro akameza mate. Yeye ni mtu wa Rodo;
babake alichonga miungu wasiojua kuzeeka.
"Mama, chunjua hii tuifute?"
"Ukiifuta, nalipa nusu."

Tukachonga. Kichwa cha miaka sabini
juu ya kifua kisichojua kikohozi.
Zopiro alinung'unika kwa Kigiriki hadi koo likamkauka,
lakini niliona: alipofika kwenye makunyanzi ya jicho
mkono ukapunguza mwendo,
kama mtu aliyeokota neno la wageni,
akalionja,
akashangaa kuliona tamu.

Mwishowe Threpte, na rangi zake na nta ya moto.
Midomo, nywele, wekundu hafifu chini ya macho.
Gome langu akalipaka hudhurungi,
akaniongezea sisimizi mmoja
bila kuagizwa na mtu.

Mjane alizunguka mara mbili. Kifua hakukigusa.
Aligusa chunjua, kwa ncha ya kidole,
kama anayebisha hodi nyumbani kwake mwenyewe.
Kisha miguu ikamwishia nguvu;
akaegemea kisiki changu,
akahesabu fedha.